Wimbo Usiopigiwa Makofi

Nyumbani, Masumbwe,
Wilaya ya Mbogwe,
Geita.
14 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Zipora,

Shikamoo Shangazi. Hujambo wewe, hawajambo wanao, na wagonjwa wako wodini wanaendeleaje? Mama anaulizia mguu wako. Anasema usiache kuukanda kwa maji ya moto na chumvi, unesi wako uuweke pembeni kidogo. Sisi huku miili ni mizima. Bibi anakula, anagomba na anasali, kwa hiyo ujue yuko vizuri. Pamba imeshatoka shambani. Mahindi ni machache ila yatatuvusha. Yule mbuzi uliyemnunulia Baba Mdogo Davis amezaa mapacha, wote majike.

Salamu nimezikimbiza, nisamehe. Nina hasira, Shangazi. Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila nikifika hapa kalamu inatoboa karatasi.

Unanijua mimi. Ni yule ambaye mwalimu akiita majina, inabidi jirani aninyooshee mkono ndipo nihesabiwe. Kwenye simu nimekuwa nikikuambia "tupo salama" halafu haraka nampa Mama. Karatasi hainitazami usoni, ndiyo maana naandika. Tena simu ya Mama inasomwa na nyumba nzima, na mengine humu hata Baba hajui kama nakuambia.

Jumapili tulipata wageni. Kwaya ya wanaume pekee kutoka Wales, jirani ya Uingereza, wengi wao wazee, na makoti mekundu na tai shingoni katika jua lile, pale uwanja wa shule ya msingi. Waliletwa na daktari mstaafu wa kwao aliyewahi kufanya kazi zamani hospitali ya Kolandoto. Waliimba Shinyanga mjini kwanza, kisha wakaja kwetu. Usije ukawaita Waingereza. Mimi nilikosea hivyo wakati nawakaribisha, na mzee mmoja anaitwa Gwilym akaniinamia, akasema kwa upole kwamba kumwita yeye Mwingereza ni sawa na... akakosa mfano. Nikamsaidia: ni sawa na kumwita Msumbwa Msukuma. Hajui Msumbwa wala Msukuma, lakini alicheka mpaka miwani ikashuka. Nikamfundisha kusalimia "mwadila", na alipoitamka kwenye maiki uwanja ulilipuka kwa kicheko.

Mkalimani nilikuwa mimi. Madamu Violeth, mwalimu wetu wa Kiingereza, alinichagua bila kuniuliza, kwa sababu anajua angeniuliza ningekataa. Usiku ule sikulala.

Na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alikuwa Herman. Ndiyo, Herman huyo huyo, mwenye duara, lile shimo la dhahabu lililomfukia Davis. Turubai lake, soda zake, ng'ombe aliyechinjwa wake. Kwa hiyo na uwanja ukawa wake. Baba na wenzake wa machimboni walikwenda kumwomba waimbe wimbo mmoja tu baada ya wageni. Akawajibu, "Nyimbo za shimoni hapana, Edson. Nimeita watu kwenye furaha. Nyie vaeni nguo safi, mkae nyuma, mpige makofi."

Baba alirudi nyumbani akanyoosha shati kwa pasi ya mkaa. Mimi nilimsemea moyoni, maneno ambayo siwezi kukuandikia.

Wageni walisimama mistari mitatu, mikono imelala ubavuni, hakuna anayetikisika. Watoto wakaanza kuchekana, "Mbona hawachezi?" Mzee Bujiku, yule anayeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, katika kikundi cha Baba, akajibu kwa nguvu, "Wamekatazwa na daktari!" Watu hoi.

Kisha wakaimba. Nikiri, Shangazi, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuwachukia kwa kuwa ni wageni wa Herman: nilisisimka mwili mzima. Sauti yao ya nne haikuanzia masikioni, ilianzia miguuni, kama mashine ya karasha ikisaga mawe mbali. Bujiku aliacha utani. Akawa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake, midomo inachezacheza, anatafuta mahali pa kuingilia. Kila wimbo ulipoisha makofi yalimwagika, na Herman alikuwa akigeuka kuyapokea kama yake.

Halafu Gwilym akasogea mbele, akaniomba niwaambie watu jambo. Kwao walichimba makaa ya mawe. Mgodi wa kijiji chao uliwahi kushuka ukafukia wanaume wengi, babu yake akiwemo, yeye mwenyewe hajazaliwa. Wimbo unaofuata kwaya yao iliutunga kwa ajili ya hao. Wengine walitolewa, wengine hawakutolewa.

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye "hawakutolewa" nilimwona Baba kule nyuma akivua kofia.

Waliimba kwa lugha yao, siyo Kiingereza, kwa hiyo hata mimi sikuelewa neno. Haikuhitajika. Walipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Wewe uliondoka huku kabla machimbo hayajashamiri, basi nikueleze. Udongo ukishuka kwenye duara, kitu cha kwanza ni kuzima chochote chenye kelele: winchi, karasha, redio. Wanaume wanakaa mdomoni mwa duara wanaimba kuelekea chini. Maneno ni machache, ya Kisukuma. Maana yake: tupo hapa juu, hatujaondoka, tuambie uko upande gani. Wakimaliza wananyamaza kabisa, wanasikiliza. Aliye hai anagonga mwamba kwa nyundo, au kwa jiwe, au kwa chochote alicho nacho. Ndiyo maana wimbo ule haupigiwi makofi. Kofi linafanana na kugonga. Ukipiga moja tu juu, wenzako watachimba upande usio na mtu. Nimeshuhudia mtu mzima akifukuzwa pale kwa kuua mbu kwenye shavu lake.

Kwa hiyo uwanja wote ulinyamaza. Wachimbaji, mama lishe, hata watoto wanaonyonya, sijui walijuaje. Wageni waliopewa heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, wao wakawa wanatazamana wakidhani wamechukiza. Kazi ya kuwaeleza ilikuwa yangu. Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Nikashindwa, kama kawaida yangu.

Herman akaruka kitini kama kaumwa na siafu. "Makofi! Jamani makofi! Mbona mmekaa kama maiti?"

Alisema hivyo, Shangazi. Kama maiti. Yeye.

Meza kuu wakapiga vikofi vichache, vikafa. Akanijia, jasho linamtoka, akaninong'oneza kwa ukali, "We binti, waambie wageni watusamehe. Waambie hawa ni watu wa mashimoni, muziki mzuri hawaujui. Waambie wamelewa."

Hakujua mimi ni mtoto wa nani. Wanaume wanashuka kwenye maduara yake kila siku, na sura za watoto wao hazijui.

Kwa Kiingereza mimi si mwoga sana. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kunigombeza kwa Kiingereza. Kile Kiingereza ulichong'ang'ania nikakisome Kahama, Baba akisema cha nini, ndicho kilichofungua mdomo wangu. Ni kama aliyesema ni msichana mwingine. Nilimwambia Gwilym na wenzake kwamba watu hawajawadharau. Wanasikiliza. Huku kwetu wimbo wa waliofukiwa haupigiwi makofi, kwa kuwa aliye chini anaweza kuwa anagonga. Nikaongeza, na hili hakuna aliyenituma: baba yangu mdogo yuko chini mpaka leo, ndani ya duara la huyu bwana aliye kando yangu, na aligonga.

Wageni wakaganda. Herman, ambaye hakuelewa hata neno moja, akawatabasamia na kutikisa kichwa, akadhani nimemwombea msamaha.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini Bujiku akapaza sauti, "We mtoto! Mbona wageni wamebadilika rangi? Tutafsirie na sisi huku! Kiingereza chetu kiliishia gudi moningi!"

Watu wakacheka. Kwa Kiswahili nilikuwa mimi mwenyewe, Loveness wa Edson, na kila niliyemwona mbele yangu aliwahi kunituma dukani. Nikasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini maiki haijui aibu.

Hapa Shangazi, kama umesimama, kaa.

Najua uliambiwa Davis alikufa papo hapo. Baba ndiye aliyetaka uambiwe hivyo. Alisema uko mbali, peke yako, utalalaje. Si kweli. Siku ile ya Aprili, baada ya mvua, Baba na wenzake waliimba, wakanyamaza, na Davis akagonga. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea Mama maji pale anapouzia chakula. Unakumbuka alivyokuwa akigonga mlango wetu akija kudoea chai? Mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Ndivyo alivyogonga. Bujiku alilia kwa furaha, wakaanza kuchimba ule upande.

Kisha Herman akafika na gari lake. Akasema mawe ya wateja yanasubiri kusagwa, na karasha zake haziwezi kulala kwa ajili ya wimbo. Baba alimpigia magoti. Sijawahi kumwona baba yangu amempigia mtu magoti, na nisingependa kumwona tena. Herman akawaamuru vijana wake wakawasha karasha zote. Baada ya hapo nani angesikia? Kama Davis aligonga tena, kama alituita, kama alitutukana, hatujui. Walichimba kwa kubahatisha mpaka udongo ukashuka mara ya pili, na Herman akaleta greda akafukia. Akatangaza kuwa duara limekuwa kaburi.

Hicho ndicho nilichosema uwanjani. Nilipofika kwenye karasha, Herman akaninyang'anya maiki.

"Mtoto hana adabu huyu! Familia yenyewe ilishakubali! Mkubwa wao ni Zipora, yuko Mtwara, nesi, mtu mwenye akili. Nilimpigia mwenyewe. Akasema ni mapenzi ya Mungu, pawe kaburi la ndugu yake. Sasa mnataka nini? Muulizeni Edson!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Baba. Baba alikuwa hajui, Shangazi. Nilimwona usoni. Ni kama mtu aliyepigwa na wa nyumbani kwake.

Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbali na turubai, akainamisha kichwa kuelekea ardhini, akaanza. Bujiku akamfuata anachechemea na fimbo yake. Kisha wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akiingia kwenye sauti yake.

Herman akapiga kelele, "Rushabh! Weka muziki!" Rushabh ni yule kijana wa duka la vipuri karibu na stendi, baba yake hukodisha spika na jenereta. Akaweka. Bongo Fleva ikalipuka mpaka turubai likatetemeka. Ilikuwa karasha tena, Shangazi. Nilitaka kumrukia Herman nimng'ate, nakuambia kweli, mimi ninayeogopa kuku mwenye vifaranga.

Unakumbuka mashindano ya ngoma baada ya mavuno, uliyokuwa ukinisimulia? Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na hakuna mwamuzi isipokuwa miguu ya watu. Basi Mama akainuka. Alibeba kiti chake cha plastiki kichwani, akavuka uwanja polepole kama anayetoka kisimani, akakiweka mbele ya Baba, akakaa. Nyuma yake wakaja mama lishe wote. Kisha vijana wa winchi. Kisha viti vikawa vinatembea tu kama siafu waliohama. Wageni wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia watu wanapiga kura. Wakavuka na makoti yao mekundu, na Gwilym akamsaidia bibi mmoja kubeba kigoda.

Herman akabaki na meza kuu, spika na masufuria ya pilau. Hata meza kuu ikaanza kupungua.

Ghafla muziki ukakatika. "Mafuta yameisha, mzee," Rushabh akasema.

"Yameisha vipi na nimekuona ukijaza tangi?"

"Ndiyo hivyo. Yameisha." Huku ameshika swichi.

Wimbo ukafika mwisho katika ukimya ule. Tukasikiliza wote, sisi na wageni. Wale wazee wa Wales waliinamisha vichwa bila kuambiwa. Kamba ya bendera ya shule ikapiga mlingoti, mara moja tu, na wanaume wote wa Baba wakageuka kwa pamoja kutazama upande ule. Wote, Shangazi. Ndipo nilipojua kwamba tangu Aprili hawajaacha kusikiliza.

Watu wamenisifu sana wiki hii na sifa zenyewe zinaniudhi. Madamu Violeth anasema nilikuwa jasiri. Ujasiri gani wa kusema baada ya miezi minne? Wageni waliondoka jioni ile kwenda kulala Geita. Gwilym alimshika Baba mikono yote miwili, wakaachana. Sina neno baya nao. Lakini watarudi kwao na hadithi, na Davis atabaki pale pale chini ya greda.

Herman amewafukuza kazi Baba, Bujiku na wote walioimba. Baba aliondoka Jumanne kwenda upande wa Buseresere kutafuta duara lingine. Kabla hajaondoka aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulichosema kilikuwa kweli chote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Mimi ndiye niliyeingia jikoni nikalia.

Lakini kilichonifanya niandike si Herman. Herman namjua. Ni wewe. Baba, ambaye hapitishi mlo bila kusema "Dada angekuwepo angesema hivi", tangu Jumapili hajataja jina lako. Na mimi nimekukasirikia mpaka naogopa. Nimekuwa nikibishana nawe kichwani darasani, shambani, kisimani. Je, ulikubali? Ulimwambia Herman pawe kaburi bila kutuuliza sisi tuliosikia?

Kama alikusingizia, sema. Kama ulikubali kwa kuwa ulidanganywa kwamba hakuna aliyegonga, basi kosa si lako peke yako, ni letu pia tuliokuficha, na Baba atalielewa hilo kuliko mimi. Lakini sasa umejua. Baba anataka duara lifukuliwe, mdogo wenu atolewe, azikwe karibu na Babu, mahali Bibi anapoweza kufika. Kila atakakokwenda kulalamika Herman atakuwa ametangulia na jibu moja: mkubwa wa familia amekubali. Neno lako ndilo analolitumia kufunika lile shimo. Mtu mwingine hawezi kuliondoa. Mkutano wa kijiji ni mwisho wa mwezi huu. Njoo. Kama mguu hauwezi safari, mpigie mwenyekiti wa kijiji simu ikiwa kwenye spika, uliseme mbele ya watu kama yeye alivyolisema mbele ya watu.

Nimekuandikia kwa ukali kuliko mtoto anavyopaswa kumwandikia shangazi yake. Nikifuta, ukali utabaki moyoni, kwa hiyo nimeuacha.

Bibi anakusalimu sana. Mama anakusalimu, na Bujiku anasema bado anakudai jogoo wa harusi yako. Wasalimie wanao Noela na Donatus, waambie mbuzi mmoja kati ya mapacha ni wao. Mungu akulinde barabarani na wodini, akupe usingizi hata baada ya kuisoma barua hii.

Mimi wimbo wangu nimeumaliza, Shangazi. Sasa nimenyamaza, nasikiliza. Kama hujapata la kusema, bipu tu kwenye simu ya Mama: mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Tutajua uko upande gani.

Mwanao akupendaye, pamoja na hasira zake zote,
Loveness Edson